Bi Mkubwa na Bi Mdogo ndani ya kompyuta moja

Shangazi yangu anadarizi nembo za shule pale Ngamiani, Tanga. Masweta, mashati, kofia za madrasa, aproni za hotelini, kitambaa chochote kinachoshika sindano ye anakupokelea. Mashine yake ni ya kichwa kimoja sindano tisa, aliinunua mtumba mwaka 2004, ikaja na kompyuta yake, CD mbili za programu na kidude kimoja cha plastiki ukubwa wa kiberiti ambacho hakuna aliyekijali mpaka siku msichana wa kazi alipokichomoa akifuta vumbi, programu ikagoma kufunguka siku nzima. Hicho kidude ndo chanzo cha hadithi yote hii.

Novemba mwaka jana kanipigia simu, sijamaliza hata shikamoo kashaanza, mwanangu kompyuta imepiga kama baruti imetoa moshi na nina masweta mia tatu ya watu, shule Januari hiyo inakuja. Nikamuuliza umeme ulikatika? Akasema ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, kama kawaida. Basi nikajua pawa saplai imekwenda na huenda imeondoka na mazabodi, Pentium 4 ya watu imefanya kazi miaka ishirini na kitu nani wa kuilaumu.

Kila niliyemwambia alinijibu hilohilo, mnunulie mpya. Sasa hapo ndo watu hawaelewi. Kompyuta mpya siyo tatizo, tatizo ni programu. Programu ya kuchorea ile nembo, ya kuiambia mashine weka mshono hapa, ruka pale, badili uzi, imetengenezwa kwa ajili ya Windows XP, ile Windows ya zamani, na inafunguka tu ikikiona kile kidude nyuma ya kompyuta. Ni ufunguo. Unachomekwa kwenye poti ya paralelo, lile tundu refu la pini 25 ambalo zamani tulichomekea printa, na programu kila ikiamka inaenda kuupigia hodi. Hakuna ufunguo, hakuna kazi.

Nilijaribu ujanja wa kwanza nikiwa bado Dar, nikaweka VirtualBox, programu ya kuigiza kompyuta ndani ya kompyuta, kwenye laptop yangu, ndani yake XP, nikainstoli nakala ya ile programu niliyokuwa nayo kwenye flashi. Ikakaa vizuri kabisa, nikaiamsha, ikauliza ufunguo uko wapi. Na laptop haina tundu lile. Zile waya za kubadili USB kuwa poti ya paralelo zipo kibao ila zimetengenezwa kwa ajili ya printa tu, kompyuta inaona printa haioni poti, na ufunguo wa aina ile unataka kuongeleshwa moja kwa moja kwenye poti ya kweli. Mtu mwingine atasema nunua kadi ya poti uchomeke kwenye kompyuta mpya. Sawa, ila Windows mpya ni za biti 64 na hazipokei draiva za zamani za biti 32, kwa hiyo hata tundu likiwepo yule mtafsiri wa kati hayupo.

Kuna na suala la mafaili. Mashine za kudarizi nyingi zinasoma faili la DST, ni muundo wa Tajima wa Japani, umekuwa kama lugha ya wote. Lakini DST inabeba mishono tu, hapa shuka, hapa ruka, hapa badili uzi, hata rangi yenyewe haijui ni nyekundu au kijani. Ukitaka kurekebisha nembo, upanue kidogo au ubadili herufi, unahitaji faili la asili la ile programu, na shangazi anayo zaidi ya mia nne. Shule nusu ya Tanga zimo humo. Kumwambia aanze upya ni kumwambia afunge duka.

Kwa hiyo XP lazima ibaki. Lakini XP peke yake nayo haitoshi na hili lilikuwa linamsumbua kimyakimya miaka mingi. Siku hizi mwalimu mkuu haleti nembo kwenye karatasi, anakutumia picha WhatsApp, na shangazi alikuwa anamwomba kijana wa stesheneri ya jirani amdownlodie, amwekee kwenye flashi, amlipe mia tano, arudi. Kwenye XP huwezi kufungua WhatsApp ya kwenye kompyuta, Chrome iliacha kuisaidia XP mwaka 2016 ikiishia toleo la 49, Firefox ikajitahidi mpaka 2018 na toleo la 52, baada ya hapo nusu ya intaneti inakwambia tovuti hii si salama na nusu nyingine haifunguki kabisa. Microsoft wenyewe walishafunga duka la XP tarehe 8 Aprili 2014. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipozunguka dunia wakalazimika kutoa kiraka cha dharura hata kwa XP iliyokwishazikwa, ujue hali ilikuwa mbaya kiasi gani. Kuipeleka XP kwenye intaneti leo ni kulala mlango wazi.

Nikaamua kompyuta moja, mifumo miwili. Ikiwaka inakuuliza, unataka nani leo.

Kununua ndo ilikuwa burudani. Nikaenda Kariakoo kwenye zile desktop za mtumba, muuzaji ananielezea RAM, ananielezea prosesa, mimi naligeuza boksi naangalia matako yake. Ananishangaa. Nilikuwa natafuta matundu mawili, moja la pini 9 la serial maana mashine ya kudarizi inapokea kazi kwa waya huo, na lile refu la pini 25, ambalo kwenye kompyuta za miaka ile lina rangi ya damu ya mzee. Nikalipata kwenye Dell OptiPlex 780, Core 2 Duo, RAM gigabaiti 4, diski 250. Laki moja na themanini baada ya kuvutana. Kwa mtu mwingine ni takataka, kwangu ilikuwa dhahabu, kwa sababu mashine za umri ule zina BIOS ya zamani, ile programu ndogo ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, na hazina mambo ya Secure Boot, ule ulinzi unaokataa kuamsha mfumo usioutambua. XP ya kawaida haiwezi kuwaka kwenye diski ya mpangilio mpya wa GPT, inataka mpangilio wa zamani wa MBR na BIOS ya kizamani, ukinunua kompyuta ya juzijuzi ambayo haina hata njia ya kuigiza BIOS ya zamani basi sahau.

Mfumo mpya nikachagua Linux Mint, mfumo wa bure usio wa Microsoft, ile ya Xfce maana ni nyepesi. Windows 11 haikubali mashine hii hata kwa rushwa, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, na Windows 10 nayo muda wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, mwezi mmoja tu kabla ya moshi wa shangazi. Sikutaka kumtoa kwenye kaburi moja nimtie kwenye lingine.

Sasa kosa langu la kwanza, na nalisema kwa sababu nimefanya kazi za kompyuta miaka kumi na bado nilijifanya mjanja. CD ya XP ilikuwa Tanga kwa shangazi. Flashi ya Mint ninayo mkononi. Nikasema kwa nini nisubiri, nikaweka Mint kabisa nikiwa Dar, nikaacha partisheni ya kwanza, yaani kipande cha diski, ya gigabaiti 40 tupu kwa ajili ya XP, nikaona nimepanga kama mhasibu. Nikapakata boksi langu kwenye basi, Chalinze, Segera, mpaka Tanga.

Nimefika, nimekula, nimetia CD. Ile skrini ya bluu ya kuinstoli XP, wenye umri wangu mnaikumbuka, inapakia mafaili, inapakia, halafu pap, bluu nyingine, ile mbaya, STOP 0x0000007B. Kwa Kiswahili cha mtaani maana yake ni kwamba XP inasema mimi diski siioni. Na ina haki. XP ilitoka Oktoba 2001, mtindo wa AHCI ambao diski za SATA zinautumia ulikuja baadaye, kwa hiyo kwenye CD yake hakuna draiva. Enzi hizo ulitakiwa ubonyeze F6 uchomeke floppy yenye draiva, floppy, mwaka huu, hapa Ngamiani. Njia fupi ni kuingia BIOS, kwa Dell unabonyeza F2, unaenda kwenye mpangilio wa SATA unautoa kwenye AHCI unaurudisha kwenye mtindo wa kizamani. Mint haijali, inawaka kwa vyovyote. XP ikaiona diski ikaendelea. Ikaandika imebaki dakika 39, uongo wake uleule wa miaka yote, na shangazi akavuta kiti akakaa akaangalia kama tamthilia.

Ikamaliza. Ikazima ikawaka. Kile kilima cha kijani na mbingu ya bluu hicho hapo (picha ile ni ya kweli jamani, aliipiga Charles O'Rear huko California mwaka 1996, mimi nilikua nikijua ni mchoro). Shangazi kafurahi. Nikazima nikawasha tena nimwonyeshe Mint. Ikaenda moja kwa moja XP. Nikazima nikawasha. XP.

"Na ule mwingine wa majani uko wapi?" shangazi anauliza, kaona ile nembo ya kijani nilivyomwonyesha mwanzo.

Ikabidi nimweleze. Mwanzo kabisa wa diski kuna kichumba kidogo cha baiti 512, ndo kinaitwa MBR, na ndani yake baiti 446 tu ndo za yule bawabu anayeamua nani aamke. Baiti 64 ni orodha ya vyumba, yaani partisheni nne za msingi na basi, mbili za mwisho ni muhuri. Bawabu ni mmoja. Kila mfumo ukiingia unaweka bawabu wake na kumfukuza aliyekuwepo. Bawabu wa Linux, GRUB, anajua kwamba duniani kuna Windows na anaweza kumtafuta na kumpa nafasi kwenye menyu. Bawabu wa XP alizaliwa 2001, hamjui mtu mwingine yeyote zaidi ya ndugu zake wakubwa. Hata Windows 7 hamjui, ndo maana waliotaka XP na 7 pamoja nao ilibidi waanze na XP, maana 7 anamfahamu mkubwa wake na XP hamfahamu mdogo wake.

Shangazi kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "sasa we mtoto, bi mkubwa anaingia kwanza. Bi mdogo ndo anakuja baadaye, anamkuta mwenzie, anamheshimu. Wewe umemweka mdogo ndani, mkubwa kaja kakuta mtu kitandani, unategemea nini?" Na akaongeza, mi mwenyewe nimekaa ubi mdogo miaka kumi na mbili, nayajua. Sikuwa na la kujibu.

Uzuri Mint haikuwa imefutika, ilikuwa chumbani kwake mzima wa afya, mlango tu ndo umezibwa. Usifomati ukifikia hapo, watu wengi wanakata tamaa wanaanza upya bure. Nikawasha kwa flashi ya Mint ileile, nikafungua terminal, lile dirisha la kuandikia amri, partisheni yangu ya Linux ilikuwa sda3 basi nikaandika sudo mount /dev/sda3 /mnt halafu sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sda, ni hapo kwenye sda bila namba, kwa sababu bawabu anakaa mlangoni pa diski nzima hakai chumbani. Nikatoa flashi, Mint ikaamka, nikaandika sudo update-grub ili imtafute XP. Kuna kikwazo kimoja hapo, kuanzia GRUB 2.06 ya mwaka 2021 ile kazi ya kutafuta mifumo mingine imezimwa kwa kawaida, kwa hiyo fungua faili la /etc/default/grub uhakikishe kuna mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, la sivyo utaandika update-grub mpaka asubuhi na XP haitokei. Mistari iliyotoka nikainakili kwenye 40_custom, faili la kuandikia menyu yako mwenyewe, nikabadili majina. Kwa hiyo leo ile kompyuta ikiwaka skrini nyeusi inaandika mistari miwili, Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Wateja wanacheka. Nikaweka pia ikumbuke uliyemchagua mara ya mwisho, maana msimu wa shule ni Bi Mkubwa siku nzima hakuna haja ya kuuliza.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Draiva ya kadi ya mtandao kwenye XP sikuiweka makusudi, ile alama ya njano ya kuuliza imebaki palepale na ibaki, Bi Mkubwa hatoki nje ya nyumba. Intaneti yote ni ya Bi Mdogo. Katikati nikaweka partisheni ya gigabaiti 30 ya FAT32 ambayo wote wawili wanasoma na kuandika bila ugomvi, nembo inashuka WhatsApp upande wa Mint, inawekwa humo, unawasha upya, XP inaichukua. Kwa nini 30, kwa sababu XP yenyewe haikubali kufomati FAT32 inayozidi 32, na sikutaka aje ashindwe kuitengeneza siku mimi sipo. Zile faili mia nne nikazitoa kwenye diski ya zamani kwa kebo ya USB, nikaweka nakala mbili, moja kwenye flashi inayokaa kwenye kabati la khanga.

Halafu saa. Siku ya pili shangazi anaandika risiti upande wa XP, saa nne asubuhi kweupe, kompyuta inasema saa moja. Nikarekebisha. Kesho yake tena, saa moja. Nilivyohesabu tofauti ni masaa matatu kamili nikacheka peke yangu, kumbe ni Greenwich. Linux inaiwekea saa ya mazabodi muda wa dunia halafu yenyewe inajumlisha matatu ya kwetu, Windows inaichukua ile saa ya mazabodi kama ilivyo inadhani ndo ya hapa. Kila mmoja anasahihisha saa ya mwenzie na wote wanajiona wako sahihi. Dawa ni upande wa Linux, timedatectl set-local-rtc 1, Linux yenyewe inakupa onyo kwamba haipendi hivyo, iache ilalamike. Shangazi alivyoniona nahangaika akasema saa ya kompyuta ya nini, mi naenda na adhana.

Nikarudi Dar nimetulia. Masweta yakaenda, Krismasi ikapita.

Tarehe 6 Januari, simu. Bi Mkubwa amekufa. Amekuwa bluu. Nikamwambia nisomee, akanisomea herufi moja moja, akafika kwenye 7B. Nikakaa kitandani. Ileile. Nikamuuliza Bi Mdogo je? Bi Mdogo mzima. Basi diski nzima, kilichobadilika ni kitu kinachomuumiza XP tu na hakimuumizi Linux, nacho ni kimoja, ule mpangilio wa SATA. Nani kaugusa? Hakuna aliyegusa, anaapa. Nikamwambia izime, toa waya ukutani, rudisha, niambie neno la kwanza kabisa linalotokea. Kuna maneno ya kuonya, ye kumbe alikuwa anabonyeza F1 tu ipite, siku ya tatu hiyo. Nikamwambia angalia tarehe. Mwaka 2009.

Betri ya mazabodi. Kile kidonge cha CR2032 kama cha saa. Kompyuta imekaa ghalani sijui miaka mingapi kabla ya kufika Kariakoo, betri imeisha, na kila umeme ukikatika Ngamiani BIOS inasahau kila kitu inarudi ilivyozaliwa, yaani AHCI. Mimi nilinunua kompyuta nikaangalia matundu, sikufikiria kidonge cha shilingi elfu moja na mia tano. Mtoto wa binamu akatumwa kwa fundi saa, akafungua boksi huku mimi niko kwenye vidio namwelekeza, toa hiki, weka hiki maandishi yaangalie juu, bonyeza F2, shuka, shuka, hapo hapo. Ikawaka. Nyuma nasikia mashine ya kudarizi imeanza ile tatatatata yake, shangazi kashakata simu bila kuaga.

Huyo mtoto wa binamu ndo sasa ananipa matumaini. Yuko kidato cha tatu, na upande wa Bi Mdogo nimemwekea Inkscape na Ink/Stitch, ni ya bure, unachora unageuza kuwa mishono unatoa DST bila ufunguo wa mtu yeyote. Kashatengeneza nembo mbili. Ya kwanza kitambaa kilijikunja kama papai lililopigwa jua kwa sababu alijaza mishono mingi bila ya kushikilia chini, shangazi akaigeuza akaangalia upande wa nyuma, wao wanaangalia nyuma kama fundi gari anavyoinama chini ya gari, akasema "rudia." Ya pili akaigeuza, akanyamaza, akaiweka mezani. Kwa shangazi huko ni kusifiwa.

Lakini faili mia nne ni mia nne na ufunguo ni mmoja, ukiungua leo hakuna wa kutuuzia mwingine. Nilitaka kuuzungushia gundi ya karatasi niandike USICHOMOE. Shangazi akasema atashughulikia mwenyewe. Nilipoenda mwezi uliopita nikainama nyuma ya kompyuta, nikakuta umening'inizwa kitambaa cheupe kidogo kama cha sinia, kingo zimepigwa mshono wa satini wa kijani, katikati kwa uzi mwekundu kimedariziwa kwa mashine yenyewe, herufi zimesimama safi mbele na nyuma: UKIGUSA TUTAGOMBANA.